Simu Inaleta Jina, Kusoma ni Kazi Yako

Mteja wetu, kabla ya somo la leo turudi nyuma kidogo. Oktoba 2005, M-Pesa ilianza kujaribiwa Nairobi, Mathare na Thika. Watu karibu 500 walipewa simu wazitumie kulipa mikopo yao ya Faulu Kenya. Hilo ndilo lilikuwa wazo la walioibuni. Lakini wananchi walikuwa na mawazo yao. Wengine waliweka pesa kwa wakala, wakasafiri, wakaitoa walikofika ili wasiibiwe njiani. Wengine wakalipana kwenye biashara. Hakuna aliyewafunza hayo. Wabunifu wakatazama, wakabadilisha mpango, na Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa nchi nzima, kilichotangulizwa kilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Nasi hapa Eldoret tumefunzwa vivyo hivyo. Ofisini tulidhani kwamba jina la mpokeaji likitokea kabla ya kuweka PIN, makosa yameisha. Kumbe! Mnunuzi mmoja wa mahindi alikuwa akimlipa mkulima, lori limeshapakiwa, dereva anapiga honi. Alikosea tarakimu moja tu. Jina likaja, la mtu mwingine kabisa, naye akaweka PIN. Pesa ya magunia kumi ikaenda. Mkulima akakataa lori liondoke, na alikuwa na haki. Baadaye mnunuzi alituambia kwamba jina aliliona, ila hakulisoma.

Simu haijui ulikusudia kumtumia nani. Wewe ndiye unajua.

Mama mboga mmoja sokoni ana dawa yake. Mteja akitaka kumlipa, humwambia, "Nisomee jina kwanza." Asiposikia jina lake, hakuna PIN kuwekwa. Tulipenda, tukaanza kuwafundisha mawakala wetu. Njia hiyo si yetu, ni yake.

Yeye pia ndiye alitukumbusha shida nyingine. Unamjua mtu kama Mama Chebet miaka yote, lakini laini imesajiliwa kwa jina la kitambulisho, pengine hata cha mwanawe. Kwa hivyo muulize mapema: nikituma, litatokea jina gani? Akikujibu, subiri ulione hilo hilo. Likija lingine, kata, hata kama kuna honi.

Na ikishaenda vibaya, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa. Usingoje jioni. Ukiwa wewe ndiye umepata ujumbe wa mtu anayedai amekutumia kimakosa na anaomba umrudishie, angalia salio lako kwanza. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika.

Kama una mbinu yako kama ya huyu mama, mweleze wakala wetu aliye karibu nawe. Tutakuja tuione ikifanya kazi.