Kwa Nini 10,000 Inakataa Kugawanywa kwa Watu 7?

Tuseme chama chenu cha watu 7, wauzaji wa mitumba pale Toi, mnakutana Jumapili karibu na Adams Arcade kugawana riba ya mwaka. Iko 10,000 kamili. Mweka hazina anapiga hesabu kwa simu: 1,428.57. Lakini ukitumia mtu pesa kwa simu, unatuma shilingi nzima, si senti. Akiamua kutuma 1,400 kila mtu, 200 inabaki. Wiki mbili baadaye swali linaanza: ile mia mbili ilienda wapi? Akituma 1,430, imepita kwa shilingi 10 na anatoa mfukoni mwake, bado ada ya kutuma.

Shida si mweka hazina. Ni namba yenyewe.

Unakumbuka namba tasa za shule ya msingi, zile hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe? 2, 3, 5, 7, 11… Vunja 10,000 hadi ubaki na namba tasa pekee: 2×2×2×2×5×5×5×5. 7 haimo. 3 pia haimo, kwa hivyo watu 3, 6, 9 au 12 watakwama vilevile. Na usidhani kiasi kikubwa kitasaidia. Kila sifuri unayoongeza inaleta 2 moja na 5 moja tu, basi hata milioni haigawanyiki kwa 7.

Vikundi vinavyoelewana na pesa za sifuri nyingi ni vile idadi yao imeundwa na 2 na 5 peke yake: 1, 2, 4, 5, 8, 10, 16, 20, 25, 32, 40, 50, na kuendelea. Angalia 32 lakini. Ina 2 tano, na 10,000 ina nne tu, kwa hivyo kila mtu anapata 312.50. Mngehitaji 100,000 ndiyo itoke sawa: 3,125.

Sasa jaribu 2,520. Ukiivunja ni 2×2×2×3×3×5×7, na ndiyo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Ukiizidisha unapata 5,040, 7,560, 10,080, na zote zina tabia hiyo. (10,080 ndizo dakika za wiki moja, kama ulikuwa hujui.) Kwa hivyo kwa ile riba yenu, gawaneni 7,560. Watu 7, kila mmoja 1,080. Akiongezeka mmoja, 945. Mkiwa 9, 840. Ile 2,440 inayobaki iandikwe kwa kitabu kama akiba ya dharura, wote wakiona, kabla mweka hazina hajatuma hata shilingi.

Kama idadi yenu haibadiliki, kuna njia rahisi zaidi: 1,300 mara 7 ni 9,100, mmemaliza.

Mkifika 11, 2,520 nayo inakataa, kwa sababu 11 ni namba tasa na haimo ndani yake. Hapo gawaneni 8,800, kila mtu 800.