OILI YA GARI LA CHAMA: KUICHAGUA, KUIBADILISHA NA KUIANDIKA

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Limenunuliwa kwa fedha zilizotokana na jasho lao, na kila msimu hulitegemea lichukue pamba kutoka ghalani hadi kiwandani na kurudi na mbegu na mbolea. Likiharibika katikati ya msimu, hasara haiishii katika ujira wa fundi. Mazao hulala ghalani, chama hulazimika kukodi gari la mfanyabiashara kwa bei aitakayo yeye, na malipo ya wakulima huchelewa.

Injini inaweza kufa kabla ya wakati wake bila ajali yoyote, kwa sababu tu haikupewa oili inayoifaa kwa wakati unaofaa. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba jambo la oili huamuliwa kwa kitabu cha gari na daftari la chama, wala haliamuliwi kwa macho ya dereva au kwa urahisi wa bei dukani.

1. Kazi ya oili

Ndani ya injini vyuma hupitana kwa kasi kubwa. Oili hujitandaza kati yao kama utando mwembamba ili visigusane na kulana. Pamoja na kulainisha, oili huchukua joto kutoka kwenye pistoni na beringi, huziba mwanya mdogo kati ya ringi na silinda ili nguvu isivuje, husafisha masizi na uchafu, na huzuia kutu.

Dawa zilizochanganywa katika oili kiwandani ndizo zifanyazo sehemu kubwa ya kazi hiyo, nazo huisha kidogo kidogo kadiri injini inavyofanya kazi. Kuongeza oili mpya juu ya ile iliyochoka hurudisha kipimo, lakini hakuondoi uchafu uliokwisha kujaa. Kwa hiyo kuongeza na kubadilisha ni mambo mawili tofauti.

2. Rangi ya oili hudanganya

Madereva wengi huhukumu oili kwa rangi yake. Katika injini ya dizeli oili huweza kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, kwa sababu inayashika masizi na kuyazuia yasigande ndani ya injini. Weusi huo ni dalili kwamba oili inafanya kazi yake. Kinyume chake, oili inaweza kuonekana nzuri kwa macho na huku dawa zake zimekwisha.

Ziko, hata hivyo, dalili ambazo dereva hana budi kuziripoti mara moja. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kwamba maji yameingia. Oili inayonuka mafuta ya gari, au inayopanda kipimo bila kuongezwa, huashiria kwamba dizeli au petroli inavujia ndani yake. Taa ya oili ikiwaka safarini, gari lisimamishwe na injini izimwe papo hapo. Kuendelea hata kilometa chache kwaweza kuua injini.

3. Kuchagua oili

Mwamuzi wa kwanza ni kitabu cha maelekezo ya gari. Katibu anapokwenda dukani huangalia alama mbili juu ya kopo.

Alama ya kwanza ni ya uzito, nayo hufuata herufi SAE. Uzito huu si wa mizani. Ni jinsi oili inavyotiririka. Katika SAE 15W-40, namba yenye W huonyesha hali ya oili wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi injini inapowashwa. Namba ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Oili yenye namba moja tu, kama SAE 40, huwa nzito sana asubuhi ya baridi, kama zile za Njombe, na huchelewa kufika sehemu za juu za injini.

Alama ya pili ni ya ubora, nayo hufuata herufi API. Herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya injini za dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kizazi cha kiwango: CF-4 kilianza mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002 na CK-4 mwaka 2016. Kwa kawaida kiwango kipya katika mfululizo huo hufaa mahali pa cha zamani, lakini cha zamani hakifai mahali pa kipya. Oili iliyoandikwa S pekee isitiwe katika lori la dizeli. Pikipiki nyingi nazo zinahitaji oili yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi yake huogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili ya gari dogo yaweza kuifanya iteleze.

Kopo linunuliwe kwa muuzaji anayejulikana na anayetoa stakabadhi. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi haina ushahidi wa ubora wake, hata ikiwa bei yake inavutia.

4. Wakati wa kubadilisha

Kitabu cha gari hutaja kilometa na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa. Vitabu vingi hutaja pia muda mfupi zaidi kwa gari linalofanya kazi ngumu: barabara za vumbi, mizigo mizito, safari fupi fupi, au kusimama muda mrefu injini ikiunguruma. Magari mengi ya vyama vya msingi yamo katika fungu hili, hivyo katibu asisome safu ya kazi nyepesi. Mashine ya kusaga haina kilometa. Huhesabiwa kwa saa za kazi, na saa hizo hazina budi kuandikwa kila siku.

5. Namna ya kubadilisha

Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vizuizi. Injini iwe vuguvugu ili oili itoke pamoja na uchafu wake, lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Boliti ya kutolea oili ifunguliwe juu ya beseni, na oili iachwe ichuruzike hadi ikome.

Filta ibadilishwe kila mara, maana filta chafu huichafua oili mpya tangu saa ya kwanza. Fundi ahakikishe kuwa mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwani mipira miwili ikikutana oili yote huweza kumwagika njiani. Mpira mpya upakwe oili kidogo, na filta ikazwe kwa mkono kama ilivyoandikwa juu yake.

Baada ya kurudisha boliti na kutia oili, injini iwashwe hadi taa ya oili izimike, kisha izimwe. Dakika chache baadaye kipimo kisomwe kwenye kijiti: oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Kuzidisha nako ni kosa, kwani kranki huipiga oili ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

6. Hesabu

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kufundishia tu. Lori linahitaji lita 12 kwa Sh. 12,000 kila lita, yaani Sh. 144,000. Filta ni Sh. 30,000 na ufundi Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 194,000 kila mara.

Lori likienda kilometa 20,000 kwa mwaka na oili ikabadilishwa kila kilometa 5,000, chama hutumia Sh. 776,000. Katibu akichelewesha hadi kilometa 10,000, ataonekana ameokoa Sh. 388,000. Lakini ikiwa kufumua na kutengeneza injini ni Sh. 6,000,000, fedha hiyo ni zaidi ya akiba ya miaka 15, bila kuhesabu mazao yaliyolala ghalani.

7. Daftari na ukaguzi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila badiliko liandikwe: tarehe, kilometa, aina na lita za oili, filta, namba ya stakabadhi, kilometa za badiliko lijalo, na sahihi za fundi, dereva na katibu. Filta ya zamani na makopo matupu yaonyeshwe kwa katibu kabla ya malipo kuidhinishwa. Utaratibu huu humlinda dereva mwaminifu dhidi ya shutuma, na huwalinda wanachama dhidi ya oili inayolipiwa bila kufika kwenye injini.

8. Oili chakavu

Oili iliyotolewa ni sumu. Isimwagwe shambani, mtaroni wala karibu na kisima, isipakwe kwenye vidonda vya mifugo, na isiachwe mikononi. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Maswali ya kujadiliwa

1. Gari au mashine ya chama chenu ilibadilishwa oili lini, na katika kilometa au saa ngapi? Je, daftari linaonyesha?
2. Kitabu cha maelekezo kinataka oili ya uzito na ubora gani? Kinatunzwa na nani?
3. Dereva anasema oili haijawa nyeusi, kwa hiyo isibadilishwe. Katibu amjibu nini?
4. Bodi itenge fedha kiasi gani za oili katika makisio ya mwaka ujao? Onyesheni hesabu yenu.