Somo la Afya: Karatasi Inauliza Nini, Nasi Tunajibu Nini?

Mwezi huu tuache kidogo habari za mbuzi na mboga, tuzungumze juu ya tumbo.

Kwa wengi wetu hapa Kisii na Nyamira, kila kinachochoma kati ya shingo na kitovu ni "alsa". Mtu hununua dawa dukani, anameza, anarudi kuchuma chai. Lakini vidonda vya tumbo ni jambo moja, na asidi ya tumbo kupanda kwenye mrija wa chakula ni jambo lingine. Daktari anaweza kuingiza kamera ndogo kupitia mdomoni aangalie, lakini kipimo hicho ni ghali na hakipo kila zahanati. Ndiyo sababu wataalamu wametunga karatasi za maswali.

Mojawapo ni GerdQ, iliyochapishwa mwaka 2009. Inauliza mambo 6 kuhusu siku 7 zilizopita: moto unaopanda kifuani, chakula au maji machungu kurudi kooni, maumivu katikati ya tumbo sehemu ya juu, kichefuchefu, kukosa usingizi kwa ajili ya huo moto au kucheua, na kutumia dawa zaidi ya zile ulizoandikiwa. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Ukifikisha 8, yaelekea asidi inapanda.

Sasa sikilizeni vizuri. Swali la maumivu ya tumbo na la kichefuchefu huhesabiwa kinyume: asiyekuwa nayo hupata 3, mwenye nayo siku nyingi hupata 0, kwa sababu yakizidi huenda shida ni nyingine. Tuseme mama amesikia moto kifuani siku 2, chakula kikarudi siku 1, na mengine hana. Hesabu yake ni 2, 1, 3 na 3, jumla 9. Lakini kama mfasiri ameandika "kuchomeka tumbo" kwenye swali la kwanza na tena kwenye la tatu, mama atajibu siku 2 kote kuwili. Swali la tatu litampa 1 badala ya 3. Jumla 7. Mama ni yuleyule, moto ni uleule, ila karatasi sasa inasema hana.

Tena Waingereza huita kiungulia kwa jina lenye moyo ndani yake. Ukilifasiri neno kwa neno, kwa Ekegusii utaangukia enkoro, na mzee atadhani anaulizwa ugonjwa wa moyo, au huzuni.

Basi tafsiri hupimwaje? Mnajua gorogoro la sokoni: likibonyezwa chini bado linaitwa gorogoro, mpaka ulipeleke kwenye mizani. Watu wawili hufasiri kila mmoja peke yake, kisha wanapatanisha. Mwingine ambaye hajaona Kiingereza cha kwanza huirudisha kwa Kiingereza, tofauti zionekane. Halafu wagonjwa husomewa na kuombwa waeleze swali kwa maneno yao wenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu huruka. Wale ambao hali yao haijabadilika huulizwa tena baada ya wiki moja au mbili. Mwisho majibu hulinganishwa na vipimo vya daktari.

Hata ile ya kwanza, iliyopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 300, iliwapata kama 65 tu katika kila 100 wenye ugonjwa, na katika 100 wasio nao iliwaachilia kama 71. Hesabu hizo si za Nyamira. Za kwetu lazima zipimwe kwetu.

Kwa hiyo mkiletewa karatasi, msijibu "ndiyo" kwa kumheshimu daktari. Semeni, "Hilo sikuelewa." Jibu hilo linamsaidia.

Na chakula kikikwama ukimeza, au ukikonda bila sababu, ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje karatasi. Saratani ya mrija wa chakula ipo sana magharibi mwa Kenya. Majirani zetu wa hospitali ya Tenwek, Bomet, wameitibu miaka mingi. Kifua kikibana, maumivu yakashuka mkononi na jasho likakutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mkutano ujao: kila mmoja aeleze kwa Ekegusii anavyosikia kiungulia, na katibu aandike maneno yote, hata yale mtakayobishania.