SOMO LA WAFANYAKAZI WA MAJINI: FENI YA CHUMBA CHA INJINI NA PAMPU YA NGAMA



Somo hili tumelichelewesha. Lilipaswa kutoka kabla ya kijana mmoja wa chama chetu kuungua mikono na uso gatini, asubuhi, abiria wakiwa bado wanapanda. Hatutaji jina lake wala la tajiri wa mashua, kwa sababu shauri bado liko mezani. Lakini jinsi mambo yalivyokwenda tutaeleza, maana hilo ndilo somo lenyewe.

Mashua ile ilikuwa na injini ya ndani, ya kutumia esansi. Jioni walimimina bido mbili za lita 20 kwenye tangi, na kidogo kikamwagika. Wakafunga mfuniko wa chumba cha injini, wakaenda kulala. Asubuhi kijana akasikia harufu, akamwambia nahodha. Nahodha akajibu, "Washa bwana, tumechelewa." Kijana akageuza ufunguo. Mfuniko uliruka kwa kishindo, na moto ukatoka pale alipokuwa ameinama.

Mashua ile ilikuwa na feni ya kutoa mvuke zamani. Iling'olewa kwa kuwa, tuliambiwa, inakula betri. Nasi wa chama tulilijua hilo. Tulipanda mashua ile mara nyingi kwenda Nkombo, tukaona tundu lililobaki pale feni ilipokuwa, limezibwa kwa kitambaa. Hatukuuliza.

Mvuke unakaa wapi

Watu wa Ziwa Kivu hatuhitaji kufundishwa sana habari ya hewa nzito. Wote tumesikia juu ya mazuku ya upande wa Goma: hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Aliyesimama juu hapati kitu. Mbuzi au mtoto anayeshuka shimoni hapandi tena.

Mvuke wa esansi una tabia hiyo hiyo ya kushuka. Ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukaondoka kama moshi wa mbabula. Unateremka kando ya injini, unapita chini ya mbao, unalala mahali pa chini kabisa ndani ya mashua, na usipotolewa unakaa. Tofauti ni kwamba mazuku hayawaki. Yanakunyima pumzi tu. Mvuke wa esansi unangojea cheche. Na cheche zimejaa katika chumba cha injini: stata, dinamo, waya uliolegea, swichi ya kawaida ya nyumbani ambayo fundi wa haraka ameifunga pale.

Wengi wanadhani ni lazima esansi nyingi imwagike. Sivyo. Hewa yenye mvuke wa esansi kiasi cha sehemu moja na nusu hivi katika mia tayari inaweza kulipuka. Tulipiga hesabu na fundi mmoja wa Kamembe: chumba chenye urefu, upana na kina cha mita moja, nusu glasi ya chai ya esansi ikigeuka mvuke yote inatosha. Nusu glasi! Kila mmoja wetu amewahi kumwaga zaidi ya hiyo akijaza tangi, akafuta kwa kitambaa, na kitambaa akakitupa pale pale chini.

Mazutu ni habari nyingine. Hayo yanahitaji kupata moto wa zaidi ya nyuzi 50 kabla hayajatoa mvuke wa kutosha kuwaka, wakati esansi hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha Karisimbi hakiijui. Ndiyo maana mashua za mazutu hazisumbuliwi sana na jambo hili. Lakini wako mafundi wanaochanganya esansi kidogo kwenye mazutu ili injini iwake upesi. Mchanganyiko huo uhesabuni kuwa ni esansi.

Tumeulizwa pia kama gesi ya ziwa letu, ile inayochomwa kutengeneza umeme Karongi, inaweza kupanda na kuingia katika mashua. Gesi hiyo imefungwa na uzito wa maji chini sana, mamia ya mita, na huko Karongi wanaivuta kwa mabomba marefu. Ya kuogopwa katika mashua ni ile tunayoinunua wenyewe kwa lita.

Feni inafanya kazi gani

Feni hii si ya kupoza injini. Kazi yake ni kuvuta mvuke kutoka chini na kuutupa nje. Kwa hiyo mdomo wa bomba lake lazima uwe katika theluthi ya chini ya chumba, lakini juu ya maji yanayokusanyika, maana mdomo ukizama feni haivuti kitu. Tumeona bomba limekatika na kuning'inia karibu na mfuniko. Feni ilikuwa inalia vizuri kabisa, ikivuta hewa safi ya juu na kuitoa nje, na mvuke ukiwa umelala chini yake. Sauti ya feni haitoshi. Weka mkono wako nje kwenye tundu la kutolea, usikie upepo, kisha shuka ukatazame mdomo uko wapi. Lazima pia kuwe na tundu jingine la kuingiza hewa safi. Chumba kilichozibwa kila upande hakiwezi kupumua.

Na iwe feni iliyotengenezwa kwa ajili ya mashua, ya namna isiyotoa cheche. Feni ya gari iliyookotwa gereji inaweza kuwa ndiyo kiberiti chenyewe.

Muda wake ni dakika nne kabla ya kuwasha injini. Hatukuubuni sisi. Huko Marekani, boti za injini za ndani za esansi zilizotengenezwa baada ya tarehe 31 Julai 1980 zinatakiwa kuwa na feni hiyo, pamoja na kibandiko kinachosema iendeshwe dakika nne na chumba kikaguliwe kabla ya kuwasha. Dakika nne ni muda wa kupanga magunia mawili matatu na kugawa maboya ya kuvaa. Tumia saa, usikisie. Ukitoka kujaza mafuta, iendeshe tena. Ukienda polepole kwa muda mrefu karibu na gati, iache inaendelea, kwani mwendo mdogo hauingizi hewa ya kutosha.

Kisha fungua mfuniko unuse. Tunasema hivi kwa makusudi, hata kama feni imefanya kazi: pua ndiyo mkaguzi wa mwisho. Harufu ikiwapo bado, kuna mahali panavuja, na feni haizibi mahali panapovuja. Hapo usiguse swichi yoyote. Washushe watu, zima mbabula na sigara, acha mfuniko wazi, mwite fundi. Wakati wa kujaza mafuta utaratibu ni kinyume: mfuniko na milango ifungwe ili mvuke usiingie, abiria wawe nchi kavu, na bido zijazwe gatini, si ndani ya mashua.

Wenye injini za kuning'inia nyuma msijione mmesamehewa. Kama tangi lenu liko chini ya benchi lililofunikwa kwa mbao, mahali pale ni chumba kama kingine.

Maji ya chini

Wanamaji wa pwani wanapaita ngama: mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji ya mvua, ya mawimbi na ya kuvuja hukutana. Mengi tunayasahau kwa sababu mbao za kukanyagia zinayaficha.

Chukua mashua yenye sakafu ya mita 6 kwa mita 1 na nusu. Maji ya kina cha sentimita 10, ambayo hayafiki hata magotini, ni kilo 900. Ni uzito wa watu 14, lakini watu 14 ambao mashua ikiinama kidogo wote wanakimbilia upande ule ule kwa pamoja. Hakuna nahodha awezaye kuwapigia kelele warudi.

Sasa tundu. Tundu la upana wa sentimita 5, likiwa sentimita 60 chini ya maji, linaingiza lita 4 hivi kila sekunde. Bido moja ya lita 20 kila sekunde tano. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa galoni 1,000 kwa saa, hata ikifanya kazi kama ilivyoandikwa, inatoa lita 63 tu kwa dakika, wakati tundu linaingiza 240. Na haifanyi kama ilivyoandikwa. Kipimo kile huwa ni cha bomba fupi, bila kupandisha maji juu, na betri nzima. Pampu ni ya kukausha yanayopenya pole pole na kukupa muda wa kutafuta tundu. Ulipate, ulizibe kwa kitambaa na kipande cha mti, huku wenzako wakifua maji kwa ndoo. Mashua isiyo na ndoo na pampu ya mkono haijakamilika, hata ikiwa na pampu tatu za umeme.

Pampu nyingi tulizozikuta zimekufa hazikuungua. Zilikuwa zimekabwa: magamba ya isambaza, vumbi la makaa, mfuko wa plastiki, maharagwe yaliyovimba. Chujio lisafishwe kila juma. Ile swichi ya boya, inayowasha pampu maji yanapopanda, nayo hushikwa na uchafu. Inyanyue kwa kidole kila asubuhi usikie kama pampu inalia. Jaribio la kweli ni kumwaga ndoo moja ya maji safi ndani ya ngama na kutazama nje kama yanatoka. Waya wa swichi hiyo utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake, ili pampu ifanye kazi hata usiku mashua ikiwa imezimwa. Tundu la kutolea liwe juu ya maji, hata mashua ikijaa mzigo. La sivyo ziwa litarudi ndani kwa njia ile ile.

Esansi ikimwagika ndani ya ngama usiitoe kwa pampu. Pampu isiyo ya kuzuia cheche inaweza kuiwasha, na hata ikitoka salama umeipeleka juu ya ziwa, kando ya mashua ya jirani yako. Maji yenye oili nayo yatolewe kwa kitambaa na kopo yapelekwe nchi kavu. Kuna watu wanateka maji ya kunywa hapo chini.

Pampu pia haimpi tajiri ruhusa ya kuongeza watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, Goma imeshaonekana, na makumi ya watu wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Kuhusu betri

Tumemjibu tajiri yule kwa hesabu. Feni ya namna hii inatumia ampea 5 hivi. Kwa dakika nne hiyo ni theluthi moja ya ampea-saa. Betri ya 70 haipotezi hata sehemu moja katika mia mbili. Alitazama karatasi, akasema ataongea na fundi.

Kuhusu kijana, wanadai ni uzembe wake. Sisi tunasema alitoa taarifa na akaamriwa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, kifungu cha 13, unataka mfanyakazi anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu alindwe asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Nayo sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018, inaweka usalama wa mahali pa kazi juu ya mwajiri. Mikono yake imepona kiasi, ila vidole viwili havikunji, na kamba hawezi kushika.

Maswali ya kujadili katika vikundi: Katika mashua yako, mdomo wa bomba la feni uko wapi? Umeutazama mwenyewe au umeambiwa? Ndoo iko wapi, na nani anaitumia kubebea samaki? Nahodha akikuambia "washa" nawe unasikia harufu, utamjibu maneno gani, na nani atasimama nawe? Andikeni majibu, mlete pamoja na pampu zilizoharibika. Tutazifungua siku ya mkutano.