Somo la 38: Stempu za Congo

Mtoto mmoja wa darasa la tano alimwandikia mjomba wake barua. Aliikunja vizuri, akaitia katika bahasha, akaandika jina na mji, akaipeleka posta. Karani aliigeuza mara mbili, kisha akamrudishia.

«Barua hii haiendi,» alisema.

«Kwa nini, bwana? Jina la mjomba nimeliandika sawasawa.»

«Jina ni zuri. Lakini nani amelipa safari yake?»

Stempu ndiyo inayojibu swali hilo. Ni kipande kidogo cha karatasi chenye gundi nyuma. Mbele yake mna mambo matatu: bei, picha na jina la nchi. Bei inaonyesha feza iliyolipwa. Jina linaonyesha ni serikali gani iliyoipokea feza ile na kuahidi kuifikisha barua. Basi jina lile si pambo tu. Ni neno la ahadi.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Katika nchi nyingi aliyelipa ni yule aliyepokea barua, na kama hakuwa na feza, au hakutaka kulipa, barua ilirudi bure. Bwana Rowland Hill, Mwingereza, alitoa shauri kwamba mwenye kuandika alipe kwanza. Katika mwezi wa Mei 1840 Waingereza walianza kutumia stempu ya kwanza ya dunia. Ilikuwa nyeusi, bei yake peni moja, na juu yake kichwa cha Malkia Victoria. Jina la nchi halikuandikwa, maana hapakuwa na nchi nyingine yenye stempu. Hata leo Waingereza hawaliandiki. Kichwa cha mfalme wao kinatosha. Nchi nyingine zote hazina ruhusa hiyo. Mwaka 1874 mataifa 22 yalikutana Bern, katika Uswisi, yakapatana kupokeana barua. Ndiyo maana barua yenye stempu ya nchi moja hupokewa katika nchi nyingine bila kudaiwa tena njiani.

Ziko stempu za namna mbili. Za kwanza ni za ukumbusho: hutolewa kwa siku kuu au kwa heshima ya mtu mkubwa, kisha huisha. Za pili ni za kila siku. Hizo hukaa posta miaka mingi, na ndizo zinazobandikwa juu ya barua ya mjomba na barua ya mfanya biashara. Watu huzitumia bila kuzitazama. Katika somo hili tutazitazama hizo za kila siku.

Stempu za kwanza za Congo zilitoka tarehe 1 Januari 1886. Zilikuwa tano: za santimu 5, 10, 25 na 50, na moja ya franka 5. Nchi ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, nayo iliitwa Dola Huru ya Congo. Watu wenyewe waliiita Bula Matari, mvunja mawe, jina walilompa kwanza Stanley. Juu ya stempu zote tano mlikuwa na kichwa cha Leopold. Kila aliyenunua stempu aliuona uso wa mtu aliyeitawala Congo, asikanyage udongo wake hata siku moja.

Mwaka 1894 zilitoka nyingine, nzuri sana. Zilichapwa London kwa rangi mbili: pambizo za rangi, na picha nyeusi katikati. Kichwa cha mfalme hakikuwamo tena. Mlikuwa na bandari ya Matadi, maporomoko ya Inkisi, watu wakiwinda tembo, mkubwa mmoja wa Wabangala pamoja na mke wake. Baadaye zikaongezwa nyingine: mtu akipanda mchikichi, mtumbwi mtoni, merikebu ya moshi. Katika Ulaya watu wengi walizipenda, wakazikusanya. Kwa njia yao mtoto wa Ulaya alipata kuijua Congo kwanza.

Lakini tazama ile ya santimu 50. Inaonyesha daraja la reli juu ya mto Mpozo, karibu na Matadi. Stempu ilipotoka, gari la moshi lilikuwa halijafika Léopoldville. Lilifika mwaka 1898. Kwa miaka ile yote mizigo iliyokwenda bara, hata mifuko ya barua, ilichukuliwa na wapagazi kichwani, maana maporomoko yanazuia vyombo kupita mtoni. Katika kujenga reli ile walikufa Waafrika 1800 na Wazungu 132. Hiyo ni hesabu ya wakubwa wa kazi wenyewe, na wengi wamesema kwamba waliokufa walikuwa wengi kuliko hao. Daraja linaonekana vizuri katika picha. Waliolijenga hawaonekani.

Tena, kuna kitu kingine kisichoonekana. Katika miaka ileile watu wa misitu walilazimishwa kutafuta mpira. Kijiji kilichopunguza kipimo kilipata mateso: nyumba zilichomwa, wanawake walifungwa, watu walikatwa mikono. Mpira ndio uliompa Leopold mali nyingi kuliko kitu kingine cho chote. Walakini hakuna stempu hata moja iliyoonyesha kikapu cha mpira.

Habari ile ilitoka kwa njia ya barua. Wamisionari walioishi ndani ya nchi waliandika waliyoyaona, wakapeleka na picha. Imetupasa kusema kweli: wengi wa hao walioandika mapema walikuwa Waprotestanti. Kwa upande wa Wakatoliki, Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti, alitoa kitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1906. Karatasi hizo hazikuwa na picha nzuri, lakini ndizo zilizosaidia kumwondolea mfalme mali yake. Tarehe 15 Novemba 1908 Congo ikawa koloni la Ubelgiji.

Basi stempu za zamani zilibaki posta kwa wingi, na jina lake lilikuwa limekufa. Wafanye nini? Kuzichoma ni hasara. Walichukua muhuri wenye maneno CONGO BELGE, wakaupiga juu ya kila stempu. Wengine waliupiga Bruxelles, wengine hapa katika Congo, kwa mkono. Mkono huchoka. Ndiyo sababu stempu nyingine zina jina lililoinama, na nyingine zina jina lililopinduka, miguu juu. Toka mwaka 1910 zikachapwa mpya zenye lugha mbili, Kifaransa na Kiflamandi, kwa kuwa Wabelgiji wenyewe walishindana juu ya lugha zao. Mwaka 1942 walitoa stempu kwa jozi: moja Kifaransa mbele, ya pili Kiflamandi mbele, ili asikasirike mtu. Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba havikuwekwa, mbele wala nyuma.

Hizo za 1942 zilitoka wakati wa vita, Ubelgiji imekwisha kutekwa na Wajerumani. Zina mchikichi, chui, okapi na askari. Mwaka mmoja kabla yake askari wa Congo walikuwa wamewashinda Waitaliani pale Saïo, katika nchi ya Ethiopia. Toka mwaka 1947 vikaja vinyago vya Waluba, kazi ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa. Kisha, mwaka 1952, yakaja maua.

Stempu za maua zafaa kukumbukwa kuliko zote. Kila moja ina ua la nchi hizi kwa rangi zake halisi, na jina lake la Kilatini. Maua hayohayo yalitumiwa katika Ruanda-Urundi pia. Yalikuwa bado yako posta tarehe 30 Juni 1960, Congo ilipopata uhuru. Basi ikawa kama mwaka 1908: neno CONGO likapigwa juu ya ua, peke yake, bila neno la Ubelgiji.

Wino haujakauka, tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga. Posta ya Elisabethville nayo ilikuwa na maua ileile. Ikapiga juu yake neno KATANGA. Katika Kasai ya Kusini wakubwa wakafanya vilevile kwa jina lao. Hivyo ua moja, lililochorwa mara moja, likawa na majina matatu au manne katika muda wa miaka michache, na watu walikuwa wakiuana kwa ajili ya majina hayo. Hakuna serikali yo yote duniani iliyoitambua Katanga kuwa dola. Mwezi wa Januari 1963 kujitenga kukaisha, na stempu za Congo zikarudi katika posta zake.

Yaliyofuata ni mepesi kuhesabu. Mwaka 1964 nchi ikaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Tarehe 27 Oktoba 1971 ikaitwa Zaïre, na Rais Mobutu akatiwa katika stempu za kila siku, kama Leopold hapo mwanzo. Siku za mwisho za Zaïre feza ilipoteza nguvu upesi mno, hata stempu zikapigwa chapa tena: safari hii si jina lililobadilishwa, bali bei. Mwaka 1993 zaïre mpya moja ilibadilishwa kwa zaïre za zamani 3 000 000. Tarehe 17 Mei 1997 jina la Congo likarudi, na mwaka uliofuata franka nayo ikarudi.

Ukipata bahasha ya kale katika sanduku la babu, usiibandue stempu. Iache juu ya karatasi yake pamoja na muhuri wa posta. Muhuri ule una tarehe na jina la mji: Stanleyville, ambayo toka mwaka 1966 ni Kisangani, Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi. Ua likibanduliwa ni ua tu. Likiwa na muhuri wake, utajua barua ilitoka wapi, siku gani, na nani aliyekuwa akitawala hapo siku ile.

Maulizo

1. Kwa nini karani alikataa barua ya mtoto?
2. Nchi gani haiandiki jina lake juu ya stempu, na kwa nini?
3. Stempu za 1894 zilionyesha nini? Zilinyamaza juu ya nini?
4. Kwa nini watu wa posta walipiga chapa juu ya stempu za zamani mwaka 1908 na mwaka 1960?
5. Waulize wazee wa kwenu: barua zilifikaje kijijini kwao zamani, na nani alizichukua?