Gofu Bila Uwanja: Vidokezo kwa Kijana wa Ras Mkumbi

Kisiwa cha Mafia hakina uwanja wa gofu. Ukitoka Kilindoni ukaifuata barabara mpaka Bweni, ukasogea hadi kwenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, utakuta minazi, mawe ya matumbawe na upepo. Mashimo 18 huyaoni. Lakini kama mchezo huu umeuona kwenye simu ukakukaa rohoni, na mambo ya nyumbani nayo hayajakaa sawa, soma hapa.

1. Fimbo moja inatosha kuanzia.
Seve Ballesteros alizaliwa mwaka 1957 Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania. Uwanja wa gofu ulikuwa jirani, ila wa wanachama. Watoto wa kijijini waliingia kubeba mifuko. Seve aliokota kichwa cha fimbo ya chuma namba 3, akakichomekea mti, akawa anapiga vijiwe ufukweni. Baadaye kaka yake akampa namba 3 iliyo nzima. Kwa fimbo hiyohiyo alijifunza kupiga juu, chini, mbali na karibu, kazi ambazo wenye pesa huzigawia fimbo 14. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akaondoka na Kenya Open. Mwaka uliofuata, ana miaka 22, akatwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza, tena siku ya mwisho mpira wake ukiwa umeangukia kwenye maegesho ya magari. Alitoka hapo akalimaliza shimo lile kwa pigo moja pungufu ya kiwango chake. Mtu aliyezoea mchanga na mawe, maegesho yatamtisha nini?

2. Angalia maji kabla ya kutoka.
Siku za bamvua ndizo zako, maji yakitoka mbali. Achana na mchanga mkavu wa juu, unameza fimbo. Shuka kwenye ule mgumu wenye unyevu, weka mpira, chora mstari mbele yake, piga. Kisha usikimbilie kuangalia mpira umekwenda wapi. Inama usome alama. Ikianzia nyuma ya mpira, umechimba mapema. Uzito wako ulibaki mguu wa nyuma. Inatakiwa ianzie pale mpira ulipokuwa na kwenda mbele. Uwanja wa nyasi za bei mbaya hauna maelezo ya wazi namna hii.

Shimo la kweli lina upana wa milimita 108. Kifuu cha nazi ukikifukia usawa wa mchanga kinakaribia hapo. Piga sambamba na ufukwe, usielekeze baharini. Mpira wa gofu ukiingia majini unazama na huupati tena. Na kina mama wanaochokoa pweza wakipita, simama mpaka wapite wote. Mpira huo mdogo una gramu 46, ukimpata mtu kichwani si jambo la kuombana radhi tu.

3. Kusi likivuma, usirudi nyumbani.
Mashindano makubwa ya Uingereza huchezwa kwenye viwanja vya pwani vyenye upepo kama wa kwenu. Sogeza mpira kidogo kuelekea mguu wa nyuma, fupisha mkono, mpira upite chini.

4. Wakicheka mshiko wako, waache.
Papwa Sewgolum wa Durban alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, na mikono yake aliipanga kinyume na wachezaji wote. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara 3: 1959, 1960 na 1964. Nyumbani Afrika Kusini alishinda Natal Open mwaka 1963, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwa sababu Mhindi hakuruhusiwa kuingia klabuni. Mshiko wake hakuubadilisha.

5. Shida usiisifu.
Hapa nitakwaruzana na waandishi wenzangu wa michezo, wanaopenda kuandika kana kwamba umaskini ni kocha. Si kocha. Makedi hodari waliozeeka na mifuko ya watu mabegani ni wengi, tena shida walizionja kuliko Seve. Yeye alikuwa na kaka zake wanaoucheza mchezo, na mjomba wake, Ramón Sota, alishika nafasi ya 6 Masters ya Marekani mwaka 1965. Kwa hiyo mtafute mtu mzima mmoja wa kukusimamia: mwalimu, shangazi, yeyote atakayekuuliza jana ulifanya zoezi gani. Hata kama gofu haijui.

6. Mwili ukigoma, badili mchezo, usiache michezo.
Mmarekani Erik Compton alipandikizwa moyo akiwa na miaka 12, akapandikizwa mwingine mwaka 2008. Mwaka 2014 alimaliza US Open akiwa wa 2 kwa kufungana na mwenzake.

7. Ukifiwa, kaa matanga.
Fimbo haiozi.

8. Shule kwanza, halafu uvuke.
Kutoka Kilindoni unavuka mpaka Nyamisati, halafu gari hadi Dar es Salaam. Pale kuna Lugalo, uwanja ulio chini ya jeshi, na Gymkhana katikati ya jiji. Mlango wa asiye na kitu ni ukedi: unalipwa, unatembea mashimo yote na mchezaji, unaona anavyokosea. Wataalamu wengi wa gofu wa Tanzania walipitia hapo. Wasichana wana chama chao, TLGU. Pia kuna Lina PG Tour, mashindano ya kumuenzi marehemu Lina Nkya aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa.

Ukifika getini, sema shida yako kwa adabu na umuulizie msimamizi wa makedi. Nenda asubuhi mapema, kabla wachezaji hawajaanza kuingia. Vaa shati lenye kola. Jinzi iache kwa mwenyeji wako.