Kupiga Picha za Raman kwenye Dhahabu Yenye Vitundu

Madoa yanayong'aa kwenye picha ya Raman, yaani picha inayochorwa kwa mwanga wa leza uliotawanywa na molekuli, yana vyanzo vitatu: umbo la dhahabu yenyewe, molekuli zilizolundikana mahali pamoja, au kaboni iliyoungua chini ya leza. Anayetaka kuchunguza dhahabu lazima aviondoe viwili vya mwisho, na kazi hiyo huanza kabla mashine haijawashwa.

Chukua jani la dhahabu nyeupe ya karati 12, nusu dhahabu na nusu fedha kwa uzito. Lilaze juu ya asidi kali ya nitriki lielee, ndani ya kabati linalofyonza hewa, maana mvuke wake ni sumu. Fedha huyeyuka, na atomi za dhahabu zinazobaki hujikusanya kuwa nyuzi zilizofumana, zenye vitundu vya makumi ya nanometa. Likikaa zaidi vitundu hupanuka, hivyo andika muda. Liokote kwa kipande cha kioo, ulisuuze vizuri kwa maji yasiyo na ayoni.

Sasa jani linahitaji molekuli za kutoa ishara ya Raman. Wengi hulidondoshea rangi kisha wakaiacha ikauke. Usifanye hivyo: tone likikauka huacha duara zito ukingoni, nawe utapiga picha ya duara hilo. Loweka jani usiku kucha katika ethanoli yenye asidi ya merkaptobenzoiki kidogo sana. Salfa yake hushika dhahabu na kutandaza tabaka moja. Molekuli zilizozidi huondoka ukisuuza kwa ethanoli.

Tumia leza ya nanometa 633 au 785. Ya kijani, 532, humezwa mno na dhahabu. Sahihisha mashine kwa silikoni, ambayo kilele chake kiko 520.7 cm⁻¹. Nguvu ya leza iwe chini ya miliwati 1, kisha ijaribu kwenye kona usiyoihitaji: pima nukta ileile tena na tena. Vikiinuka vilima vipana karibu na 1350 na 1580, umeunguza molekuli zikawa kaboni. Ndiyo sababu napendelea kuchora picha kwa kilele cha 1078 cha asidi ya merkaptobenzoiki, ingawa cha 1587 nacho kina nguvu. Hicho cha pili hukaa juu ya kilima cha kaboni na kukupa mwanga wa uongo.

Kwa leza ya 633 na lenzi yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga) ya 0.9, doa la mwanga lina nusu kipenyo cha nanometa 430 hivi, kwa hiyo kila nukta hubeba vitundu vingi kwa pamoja. Usiseme kitundu fulani ndicho kinachong'aa. Songa kwa hatua za nanometa 200, na upige eneo lilelile mara mbili. Madoa yanayobaki palepale ndiyo ya kuaminika.

Mwisho, kwaruza alama pembeni kwa sindano ili uweze kulipata eneo hilo kwenye hadubini ya elektroni. Raman itangulie daima, kwani miale ya elektroni huacha utando wa kaboni juu ya dhahabu.